Muuaji wa Filamu za Kalemie

Katika filamu zote zilizotengenezwa Kalemie tangu zile za kwanza kabisa, za enzi za kaseti, anayeua watu ni mmoja: Télesphore Kyungu, karani wa reli kwa kazi na muuaji kwa mapenzi yake mwenyewe. Hadithi aliziandika yeye, na kila alipoandika alijitengea nafasi ya mtu mbaya. Aliwahi kuwa mchawi, mwizi wa mitumbwi, baba wa kambo mwenye fimbo, kanali asiye na jeshi. Wale vijana wazuri wa mashati meupe walibadilika kila filamu na hakuna anayewakumbuka. Télesphore walimkumbuka mno. Sokoni mama mmoja alikataa kumuuzia ndagala, dagaa wa ziwani, kwa ajili ya mtoto aliyemnyonga kwenye filamu, na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama palepale anatafuna muhogo. Mwingine angekasirika. Yeye alirudi nyumbani kifua mbele, akamsimulia mkewe Micheline mpaka ugali ukapoa.

Ufundi wake ulikuwa mmoja tu, na ukiniuliza mimi ulikuwa ujinga, ingawa wenzake waliuita kipaji. Wale waliochukuliwa kujaza uwanja hakuwaambia kamwe kwamba atawatokea. Waliambiwa imbeni, chezeni, pikeni. Kisha yeye akaibuka na panga lake la mbao, nao wakapiga mayowe ya kweli. Baadaye walicheka wote wakanywa soda. Mjini haikuwa hatari, kwa sababu chifu wa mtaa alipitisha mtu wa kipaza sauti kutangaza kwamba kuna filamu.

Safari hii aliandika harusi inayovamiwa na watu wa porini, na wageni wa harusi akataka wawe watu wa kambi ya Katanika, waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya mambo hayohayo. Bertin, mwenye kamera, aliuliza kama mtu wa kipaza sauti amepita.

"Asipite," Télesphore akasema. "Wakijua, watacheka."

"Papa Télesphore, hawa watu waliona mambo."

"Njo maana nawataka. Watu ya muji hawaniogope tena. Hawa watatupatia woga yenyewe."

Micheline hakujua habari ya kipaza sauti, lakini roho haikutulia. Mdogo wake Papy, mpakuzi wa mizigo bandarini, ndiye aliyekuwa anakwenda kucheza askari wa Télesphore, na hajawahi kucheza hata siku moja. "Unirudishie mutoto ya mama yangu muzima," alimwambia mumewe mlangoni. Télesphore aliapa, tena kwa kicheko.

Mchana wageni wa harusi, walioambiwa waimbe tu bila kutajiwa filamu, waliimba vizuri kando ya mahema. Bertin alikuwa na kamera juu ya kilima, ng'ambo ya mtaro. Télesphore na Papy walilala kwenye majani, makoti ya kijeshi mwilini, rangi nyekundu shingoni na mikononi. Télesphore akapiga mluzi, wakaruka.

Mayowe yalikuwa ya kweli. Télesphore alifurahi, Mungu amsamehe. Wanawake wengi walinyakua watoto wakakimbia wakikanyaga masufuria. Wanaume hawakukimbia. Mpiga ngoma, Salomon, aliyefika kambini peke yake baada ya kuzika wanawe, alisimama akamtazama, kisha akaokota mchi wa kinu.

"Leo hapana," Salomon akasema. "Leo sikimbie."

Mchi ulimshukia Télesphore begani, mfupa ukavunjika. Panga likamtoka, na hakuna aliyejali kwamba ni la mbao. Mawe yakaanza. "Ni filamu!" akapiga kelele. "Mimi niko Télesphore wa reli!" Mama mmoja alimjibu kwa jiwe la jikoni lililompasua midomo. Kule juu Bertin aliinua dole gumba, akaendelea kupiga picha. Alipokuja kuelewa, aliiacha kamera akatimua mbio kutafuta polisi, na polisi walikuwa mbali.

Papy alikuwa chini. Walimkanyaga tumbo na kifua, jembe likamchana sikio likabaki linaning'inia. "Shemeji, waambie!" alilia. Alitaja jina lake, la mama yake, la bandari, nao wakazidi kumpiga. Salomon akamwendea, akainua mchi juu ya kichwa chake.

Télesphore alishikwa na woga ambao hajawahi kuuandika. Alimwaza Micheline. Alijua sasa kwamba ukweli hautamwokoa mtu yeyote hapa, na kwamba kosa ni lake peke yake. Akajiinua, mkono mmoja ukilegea, akatema damu na jino, akatoa ile sauti yake nzito.

"Weye wa muchi! Muache huyo!"

Salomon akageuka.

"Huyo hajue kitu. Nilimukamata ku njia ya kwenda Bendera, nikamuvalisha koti kwa nguvu. Mwenye kuua ni mimi. Mimi njo mukubwa. Watoto yenu walilia, na mimi nilicheka."

Akacheka palepale. Hajawahi kucheka vile mbele ya kamera.

"Anadanganya!" Papy alilia kutoka chini. "Ni shemeji yangu!" Lakini mama mmoja alikuwa amekwisha kumpakata kichwa, anamziba sikio kwa kitenge, anamwambia anyamaze, asiogope, yule mtu hatamgusa tena.

Wengine wote walimfuata Salomon. Télesphore aliwaona wanakuja. Alitamani kukimbia, alitamani kulia na kuomba, lakini akilia watamgeukia Papy tena. Akaendelea kucheka mpaka mchi ulipomfika mdomoni.