Jamu ya Msiba wa Baba

Watu wakienda kumtazama mgonjwa huacha akili nyumbani. Baba yangu hana meno ya mbele, ya juu wala ya chini, na mtaa mzima unajua, maana yeye mwenyewe huwachekesha watu kwa hilo pengo. Lakini aliporudi kutoka hospitali baada ya kupasuliwa tumbo, kila aliyebisha hodi alikuja na matufaha. Jirani wa ghorofa ya juu, matufaha. Fundi saa aliyekaa naye kibanda kimoja miaka ishirini, matufaha, tena yale magumu ya kijani. Tulikosa pa kuyaweka.

Baba hakuyagusa. Hakugusa chochote. Daktari alisema kidonda kimefunga vizuri, kilichobaki ni kula, na asipokula atatuaga kabla ya mwezi kwisha. Baba alisikia, akageukia ukutani. Uji alisema unanuka moshi. Supu alisema ni maji ya kuoshea vyombo, na supu hiyo niliipika mimi, sijamsamehe hadi leo. Miaka arobaini alikuwa fundi viatu, mtu wa kugombana na kila mteja anayekanyaga visigino vya viatu vyake badala ya kuvivaa kiungwana. Sasa hakuwa na nguvu hata ya kugombana. Mimi nililia chooni, nimefungulia bomba. Mama hakulia. Mama aliyatazama matufaha.

"Yataoza haya," akasema.

Mama hatupi kitu. Aliyakata vipande pamoja na maganda yake, palipooza akapachomoa kwa ncha ya kisu, pazima akapabakiza. Mbegu na vikonyo akavifunga kwenye kitambaa cheupe, akakitumbukiza sufuriani, maana alisema ndivyo vinavyoigandisha jamu. Maji kikombe kimoja, moto mdogo. Yalipolainika akayasukuma kwenye chujio kwa mgongo wa upawa, kisha akairudisha rojo motoni na sukari kidogo, ndimu na mdalasini. Kukoroga ilikuwa kazi yangu. Jamu ikianza kutokota inaruka, na mkono wangu una alama. Kila mara Mama alidondosha tone kwenye sahani baridi, akapitisha kidole katikati. Njia ikijifunga, aliniambia, "Koroga." Mwishowe njia ikabaki wazi.

Zilitoka chupa kumi na mbili, za kahawa na za siagi ya karanga, zote kazichemsha kwanza. Akabandika plasta kwenye kila moja na kuandika kwa kalamu nyeusi: WAGENI WA MSIBA.

"Msiba wa nani?" nikauliza, kama mjinga.

"Watu watakuja, watataka cha kupaka kwenye mkate. Nikanunue siagi na haya ninayo?"

"Mama! Baba yuko hai!"

"Kwani nimesema hayuko?"

Akazipanga kwenye rafu. Sasa, rafu ile inatazamana na mlango wa chumba cha Baba, na Baba alipasuliwa tumbo, si macho.

"Wewe mtoto," sauti ikatoka kitandani. "Zile chupa zimeandikwa nini?"

Mama akamsomea, neno kwa neno, bila haya.

"Mnanizika kwa jamu?"

"Na mkate," Mama akasema.

"Mimi niliyeuvalisha viatu mtaa mzima, watu waje kulamba maganda kwenye msiba wangu? Hebu lete hapa niionje hiyo aibu."

Nikampelekea na kijiko. Akaizungusha mdomoni, haikuhitaji meno. "Ndimu imezidi." Akachota tena, apate uhakika. "Na mdalasini nani kaumwaga hivi?" Hadi jioni chupa ilikuwa nusu. Kesho yake akataka mkate, eti kupima kama inapakika. Baba aliula msiba wake chupa baada ya chupa, huku akimtukana mpishi. Kufika chupa ya tano alikuwa anakaa mwenyewe. Kufika ya nane alikuwa anajikongoja hadi jikoni kuifuata. Nikawatangazia majirani kwamba mama yangu ni mjanja wa kupindukia, kamtega mzee kwa plasta na kalamu. Mama akinisikia aliinamisha kichwa tu, nami nikadhani hapendi sifa.

Siku ya chupa ya mwisho, Baba aliikwangua mpaka chini.

"Lete nyingine."

"Zimeisha," Mama akasema. "Na matufaha hayaletwi tena. Watu wamesikia umepona."

Baba akafikiri. Akarudi kitandani, akavuta shuka hadi kidevuni. "Basi watangazie nimezidiwa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Uongo huo sisemi mimi," Mama akasema. "Matufaha yanauzwa pale kona, na miguu unayo."

"Haya. Nipe viatu vyangu. Vile vyeusi."

Vile vyeusi alijishonea mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuvipangusa. Mama akaanza kufuta meza aliyokwisha kuifuta.

"Mama watoto. Viatu."

"Nilimpa mdogo wako."

"Lini?"

"Siku ile ya jamu. Asubuhi." Akakunja kitambaa. "Na koti."

Kicheko kikanikauka. Kumbe hapakuwa na mtego wowote. Jamu ile ilikuwa ya msiba kweli. Mama alikwisha kumzika moyoni, akagawa na viatu, kisha akakata matufaha kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini. Akakaa kwenye kiti na kitambaa chake cha meza, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza.

"Nilijua unakwenda," akamwambia. "Nilijua kabisa."

Baba akainama, taratibu, mkono mmoja tumboni, akamvua Mama kandambili zake za waridi na kuzivaa yeye. Visigino vilitokeza nyuma. Akachukua kikapu.

"Mpigie baba yako mdogo," akaniambia mlangoni. "Ole wake awe amekanyaga visigino."