Shahada ya Maharage

Mwaka 1996 kamati ya kanisa la Heru Juu ilikutana kujadili jambo ambalo hawakuwahi kulijadili. Esteri, mwalimu wa chuo kidogo cha Biblia pale Kasulu, alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya theolojia Dodoma. Chuo kilikuwa kimemkubali. Kilichobaki ni ada.

Mchungaji Bazilio, mwenyekiti, alimshukuru Mungu kwa muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba mfuko wa masomo ni wa wachungaji, na Esteri si mchungaji, wala hawezi kufikiriwa kuwa mchungaji kabla hajaisoma shahada hiyo.

"Basi akasome," alisema Mama Josepha, kiongozi wa kwaya.

"Kwa mfuko upi?"

Ndipo Sylvesta, mume wa Esteri, aliposimama kutoka benchi la nyuma. Hakuwa mjumbe; alikuja kumsubiri mkewe.

"Nitamlipia mimi," alisema.

"Kwa nini?" Mchungaji aliuliza, akitaka kujua sababu.

"Kwa maharage," Sylvesta akajibu.

Kikao kikafungwa kwa sala.

Sylvesta aliletwa Heru Juu mwaka 1972, mgongoni mwa mama yake, wakikimbia mauaji ya Burundi. Alikulia hapo, akabatizwa hapo, akaoa hapo, na shamba alilolima alipewa na baba mkwe wake. Hakuwa mtu wa maneno. Miaka ile kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa kule Kibondo, na maharage yalikuwa na soko kuliko wakati wowote. Hilali, mfanyabiashara wa Ujiji mwenye lori lake, alikuwa anayanunua vijijini na kuwauzia waliolisha kambi.

Shemeji zake walimwonya. "Mwanamke ukimsomesha hivyo atakukimbia."

"Atakimbia na nini? Nauli ya treni natoa mimi."

Mwaka wa kwanza ada ililipwa yote. Aliyeipeleka ni Hilali, kwa kuwa alikuwa na safari ya Dodoma. Mhasibu wa chuo, kijana wa Mbeya aliyeitwa Lusajo, alimtazama huyu mtu mwenye kanzu na kofia akiweka mezani pesa za kusomea Agano la Kale.

"Mzee, wewe ni nani wa mwanafunzi?"

"Nanunua maharage ya mumewe."

Lusajo alifikiri, kisha kwenye stakabadhi akaandika: mlezi.

Mwaka uliofuata, maharage ya vuli yakiwa yametoa maua, lilikuja tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi vijijini wahamie kambini. Askari walipofika kwa Sylvesta walimkuta anapalilia. Walimuuliza alizaliwa wapi, naye akawaambia kweli. Wakamuuliza kama ana hati yoyote ya uraia. Akawaambia ana cheti cha ubatizo. Wakamruhusu kunawa miguu, wakampakia kwenye lori pamoja na wengine, likaelekea Kibondo. Aline, binti yao, alibaki kwa bibi yake.

Wakamweka kambi ya Mtendeli. Siku ya mgao alipanga foleni na ndoo aliyoazima. Akapimiwa unga, mafuta, na maharage. Aliyatazama yale maharage, akachukua moja, akaling'ata.

"Yana nini?" aliuliza aliyekuwa nyuma yake.

"Haya nimeyalima mimi."

"Basi songa mbele, na sisi tuyapate."

Esteri alipata habari kwa Hilali, aliyempigia simu ofisini kwa Lusajo. Likizo ya Krismasi hakupitia hata nyumbani. Aliomba kibali cha kuingia kambini, akamkuta mumewe ameketi mbele ya hema la bluu, anashona kiatu cha jirani.

"Baba Aline, naacha shule," alisema kabla hata ya kumsalimia.

"Amahoro, Mama Aline," Sylvesta alimsalimia kwanza, kwa Kirundi.

"Amahoro. Naacha. Siwezi kukaa darasani nasoma habari za uhamisho wa Babeli na wewe uko huku."

"Ukiacha, mimi nitatoka?"

Esteri aliketi chini kando yake.

"Basi ukiacha tutakuwa na hasara mbili," alisema Sylvesta. "Moja inatosha."

Esteri alilia. Sylvesta aliendelea kushona, kwa sababu mwenye kiatu alikuwa amesimama pale kwa mguu mmoja.

Esteri alipofika Heru Juu, alikwenda moja kwa moja shambani, akitegemea kukuta magugu. Alikuta kwaya. Mama Josepha na wanawake wenzake walikuwa wanavuna, nguo zimefungwa viunoni, wakiimba sauti ya pili bila ya kwanza, maana waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa upande wa pili wa kilima wanapiga maharage kwa fimbo. Walikuwa wamepalilia tangu wiki ile Sylvesta alipochukuliwa. Hakuna aliyewatuma. Mchungaji Bazilio naye alikuwepo, amebeba gunia, ingawa alieleza kwamba hayupo kwa niaba ya kamati.

Hilali alinunua mavuno yote. Njiani alipita Mtendeli na kumwambia Sylvesta bei, ili asije akadhani ameibiwa.

Esteri alihitimu mwaka 1998. Sylvesta aliomba ruhusa ya kwenda Dodoma, akaambiwa mahafali si dharura. Kwa hiyo Esteri alimwomba Lusajo amwazime joho siku chache zaidi, akapanda treni nalo hadi Kigoma, akapanda malori hadi Kibondo, na mbele ya lango la kambi akalivaa, na kofia yake.

Mlinzi alisimama wima. "Karibu, mheshimiwa hakimu."

Kabla Esteri hajamsahihisha, mama mmoja alikwisha kumshika mkono akimweleza habari za jembe lililokopwa tangu Pasaka halijarudishwa. Nyuma yake wakapanga mstari wengine. Esteri akaona hakuna namna, akaketi juu ya ndoo, akasikiliza. Sylvesta alipofika alikuta mstari mrefu. Akaingia mwisho wake.

Jua lilikuwa linazama zamu yake ilipofika. Alishika kitambaa cha joho, akakipima uzito kwa vidole.

"Sasa niambie," alisema. "Walikufundisha habari za Ayubu?"

"Muhula mzima."

"Wamesema kwa nini yalimpata?"

"Hapana. Hawakusema."

Sylvesta aliliwaza hilo.

"Muhula mzima," alisema. "Na ada tumelipa."

Esteri ndiye aliyeanza kucheka, kofia ikamwangukia magotini. Sylvesta angetoka mwaka uliofuata, wazee wa Heru Juu walipokuja kuapa kwamba wanamfahamu tangu akiwa mgongoni. Lakini jioni ile hakuna aliyelijua hilo, na walicheka hivyo hivyo, mpaka mlinzi akaja kumkumbusha mheshimiwa kwamba muda wa wageni umekwisha.