Gari la Maiti la Bruda Tadeo

Watu wa kwetu wananitia kinyaa, na nasema wazi. Mimi Apolonia, mkunga wa misheni huku Kilolo, mikono yangu imeshika damu na uchafu wa kila aina, wala havijawahi kunikosesha hamu ya chakula. Watu wazima wenye akili zao ndio wamenikosesha.

Bruda Tadeo, fundi wa misheni, alikuwa na kigari cha betri. Betri alizichaji kwa umeme wa mashine inayozungushwa na maji pale mtoni, basi kikawa kinatembea bila petroli, bila moshi, bila kelele. Kosa lake lilikuwa moja tu: mzigo wa kwanza aliopakia ulikuwa maiti ya katekista. Kuanzia siku hiyo kikaitwa gari la maiti. Wanaume wazima wakikiona wanahama barabara, na watoto wakikigusa wanachapwa.

Mwaka 1974 mafuta yakawa haba, na Jumapili mchana magari ya petroli yakapigwa marufuku. Jumapili moja ya mvua nikaitwa kwa mzee Kalinga. Roza, mke wa mwanawe Liberatus, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Nikaona hapa hakuna la kufanya, apelekwe hospitali akapasuliwe, na hospitali iko mwendo wa saa tatu kwa miguu. Bruda akaja na kigari mpaka mlangoni, godoro limeshatandikwa.

Kalinga akaziba mlango. Alisema hakuna mtu wa nyumba yake atakayepanda gari la maiti akiwa hai. Nilimsihi, nikampigia magoti, mimi mama mwenye wajukuu. Na huyo Liberatus, mume mtu, anatazama vidole vya miguu yake, baba kasema basi kasema. Ptuu! Wakaanza kufunga machela, wakaanza kutafuta wabebaji, na njiani wakateleza kwenye tope mara mbili. Roza alipona. Mtoto wa kiume alitolewa amekufa.

Wiki tatu baadaye, Jumapili tena, nikakutana na kigari kile kile barabarani, kimejaa pomoni. Walikuwa wanapeleka ulanzi harusini. Kumbe mtu mmoja alijaribu, akaona baiskeli inamwaga nusu ya pombe njiani na kigari hakimwagi kitu, na habari ikaenea kijiji kizima. Kalinga amekaa mbele, kata mkononi, ameshaanza kuonja. Bruda akasimama, akaniambia kwa furaha kwamba sasa watu wamekikubali. Hata yeye siku hiyo nilimwonea kinyaa. Nyuma kabisa, katikati ya vibuyu, alikaa Roza, amepakatishwa debe la ulanzi.

Nikamuuliza Kalinga kama hili si gari la maiti tena. Akafuta povu kwenye ndevu.

"Aa, mkunga, hayo yamepita. Wakati ule tulikuwa hatujakizoea."

Roza ndiye aliyelitua debe taratibu, akashuka, akasimama mbele ya mkwewe.

"Baba," alisema, "ni wiki tatu tu. Mtoto wangu hakuweza kuwasubiri mzoee."

Kalinga akamgeukia Bruda, akamwambia waende, ulanzi unazidi kuchacha.