Mstari wa Kosiya

Samaki kutoka ziwani Kasenyi walikuwa bado wanavuja damu kwenye beseni Crispus alipokuja kumsimamia Ketura kichwani. Hakuja kununua. Alikuwa jicho la serikali mtaani, mwanajeshi aliyestaafu jeshi lakini si ubabe, na akisimama mlangoni kwako hata paka anahama.

"Leo iko uchaguzi ya mwenyekiti, mama."

"Najua, afande."

"Kila mutu nasimama nyuma ya mutu yake. Tunaona migongo. Mtaa ikijipanga muzuri, yote, bwana yako narudi. Nimesema."

Kambale, mumewe, alichukuliwa baada ya uchaguzi uliopita kwa kuimba tu kwenye msafara wa upinzani. Mahakama hakuiona mpaka leo. Ketura alikuwa amefua shati jeupe la mumewe na kulianika, kwa tumaini ambalo alilionea aibu.

Zamani mtaa huu ulikuwa na kichwa kigumu. Ketura alipokuja hapo akiwa bi harusi, mstari wa upinzani ulilipita kanisa ukaingia hadi kwenye reli iliyokufa, na upande wa serikali walisimama mwalimu mkuu, mkewe, na mlevi aliyepotea njia. Kisha ikaja miaka ya bunduki. Mstari ukafupika uchaguzi hadi uchaguzi. Wakubwa husema redioni kwamba watu wa Kasese mjini wamebadilika, wameona maendeleo. Maendeleo gani? Kila nyumba ina mtu wake gerezani, basi.

Uwanjani mgombea wa upinzani alikuwa Kosiya, kaka yake Kambale, fundi baiskeli. Alisimama peke yake juani, kofia mkononi. Ketura alimkaribia akiangalia chini.

"Shemeji..."

"Nenda," Kosiya alisema. "Nenda kule. Mimi mwenyewe ningeenda, kama si ujinga wa kugombea. Mrudishe mdogo wangu."

Akaenda. Mstari mrefu ulimmeza, na mbele yake akaona shingo za watu walewale waliokuwa wakiimba na Kambale. Hakuna aliyegeuka. Akachungulia upande wa pili. Nyuma ya Kosiya alikuwa amesimama Edisa, mama mkwe wake, macho yameingia ukungu, ameshika shati la mwanawe kwa nyuma.

"Mama, hapa si pako!" Kosiya alikuwa akimbembeleza. "Nenda kwa Ketura!"

"Nani nanitoa hapa?" Edisa alikuwa mtu wa Bwera, wa mpakani, na sauti yake ilifika mbali. "Mutoto nimemuzaa mimi. Iko peke yake ku jua, nitamuacha namna gani?"

Watu walicheka kidogo. Ketura alitaka kukimbia akamvute, lakini aliogopa kutoka mstarini. Wahesabu kura walipita. Kwa Kosiya hawakuhitaji hata kuhesabu.

Kura zilipokwisha kutangazwa, Ketura alimfuata Crispus kwenye pikipiki yake.

"Afande, tumejipanga."

"Nilisema mtaa yote. Mutu moja nabaki kule."

"Ni bibi kipofu, afande! Ni mama wa Kosiya!"

"Mama ya bwana yako mwenyewe nakataa serikali, na wewe nataka serikali imuachie?" Aliwasha pikipiki. "Ngoja uchaguzi kubwa. Mukijipanga yote, tutaona."

Jioni Edisa alikuwa mkekani, shati jeupe la Kambale mapajani. Alikuwa amelianua na kulikunja mwenyewe kwa kupapasa.

"Mutoto iko njiani?"

Ketura alisonga ugali kwa hasira. Angejua pa kuipeleka, angeipeleka. Alimkumbuka Crispus, akaogopa hata kumlaani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akapakua ugali. Katika nyumba ile kichwa cha samaki kilikuwa cha Edisa, tangu Kambale akiwa mtoto, na wajukuu hawakuthubutu hata kukitamani. Ketura alikichukua, akawawekea wajukuu. Walimtazama mama yao, wakatazamana, wakaanza kula.

"Ketura, bwana yako nakuya leo, ao kesho?"

"Kula, mama."

Edisa akanyoosha mkono. Vidole vikauzunguka ugali, vikaingia kwenye mchuzi, vikauzunguka tena ugali, vikitafuta.