Miezi Mitatu Bila Kumbeba

Daktari wa mgongo alinionyesha kwenye picha kile kisahani kilichochomoka kati ya pingili mbili na kuukandamiza mshipa wa fahamu. Njia ni mbili, alisema. Anichome sindano ya steroidi mgongoni, maumivu yapungue, tuangalie. Au anipasue, kisha miezi mitatu nisiinue kitu kizito.

"Kizito kama nini?"

"Hata ndoo ya maji, mama."

Nusura nicheke. Binti yangu ana miaka ishirini na miwili na kilo arobaini na sita, na hajawahi kutembea. Kila asubuhi namtoa kitandani, namwogesha, namkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Kuanzia hapo yeye anatoa amri na mimi natii, ndiyo maana namwita Malkia.

Wifi yangu alijitolea kumchukua. "Mlete kwangu, wifi. Ukatibiwe kwa raha zako."

Nilimshukuru kwa mdomo tu. Nilishamwona akimnyanyua, utadhani gunia la mkaa. Nikachagua sindano.

"Haiondoi tatizo," daktari alinionya. "Kandambili ikianza kukutoka bila wewe kujua, ujue mguu unapoteza nguvu, njoo siku hiyohiyo. Hapo hakuna tena cha kusubiri."

Wiki tatu nilikuwa mtu mpya. Nilimbeba Malkia nikiimba, naye akinisihi ninyamaze kwa heshima ya majirani. Kisha siku moja nikaikuta kandambili yangu ya kushoto katikati ya ukumbi, na mimi niko jikoni.

Nilijua maana yake, nisijisingizie ujinga. Lakini mimi ni fundi cherehani. Nilikata kipande cha lastiki, nikakishona nyuma ya kandambili, kikashika kisigino barabara. Haikunitoka tena. Nikajiona mjanja.

Siku ya tano, nikimtoa bafuni, mguu ule haukuinuka. Ncha ya kandambili ilinasa kizingitini tukaenda chini wote wawili, mimi juu yake. Nilisikia paja lake likivunjika.

Hospitali, daktari wa mifupa aliinama kitandani kwake. Wifi alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, macho yote kwangu.

"Ilikuwaje, dada?" daktari akamuuliza Malkia.

Malkia hakunitazama. Midomo ilikuwa imemkauka kwa maumivu.

"Nilijirusha," alisema. "Mama aliniambia nitulie, nikafanya ubishi. Akashindwa kunishika."

Mwanangu hawezi hata kujigeuza upande usiku. Wifi anajua hilo, na daktari angelijua mara tu akimgusa. Nilipaswa kusema. Lakini nikakumbuka kwamba wakijua ukweli hawatanirudishia mwanangu.

Daktari akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mbishi sana huyu."