Vipande vya Upana

Kazi yangu ni kuvuta vitu mpaka vikatike, na kusema kweli hasira zangu zinafanana nayo. Kiwandani tunatengeneza seli zinazogeuza hidrojeni kuwa umeme. Ndani ya kila seli kuna utando wa plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu, unaotenganisha hidrojeni na hewa. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na ukichanika seli imekufa.

Utando huja kwa majora. Mimi hukata vipande, nikavibana kwenye mashine na kuandika vimekatika kwa nguvu kiasi gani. Vinavyokatwa kwa urefu wa jora havina matata. Vya upana ni dhaifu, tena huteleza kwenye vibanio na kunipandisha mori. Mwaka mzima nilikata vya urefu tu, safu ya upana nikaijaza tarakimu hizohizo, nikizipunguza kidogo zisifanane mno. Mjomba, mkuu wa maabara na ndiye aliyenitafutia kazi hii, alitia sahihi bila kuhakiki.

"Nikukague wewe? Si nitakuwa najikagua mwenyewe!" alikuwa akinitania.

Kisha seli mia mbili zikarudishwa. Tulipozifungua, kila utando ulikuwa umepasuka mstari mmoja ulionyooka, kufuata urefu wa jora. Upana ndio ulioachia. Mjomba alipitisha kidole kwenye mpasuko, akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Asubuhi yake mkurugenzi alituita. "Vipimo vya upana alifanya nani?"

Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yote ya kukiri. Nikafungua mdomo, nikaufunga tena.

"Mimi," Mjomba akasema. "Huyu aliandika nilichompa."

Mkurugenzi akanigeukia. "Ni kweli?"

Mjomba alikuwa anaangalia sakafu. Ilihitajika "hapana" moja tu, neno ambalo hata mtoto anayejifunza kusema analijua.

"Ndiyo," nikasema.

Baadaye nilimkuta Mjomba maabara akipanga vitu vyake kwenye boksi. Nikaangua kilio, nikamwambia narudi kwa mkurugenzi sasa hivi.

"Umeshasema ndiyo," alinijibu taratibu. "Usifanye nikafukuzwa bure, mama."

Nilitaka anitukane, anizabe hata kofi. Yeye akaninyooshea funguo za maabara. Nikazipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyonilea.