Chuma Kilichokunjwa

Kila mtu wa Karatu, awe Mwiraqw, Mmasai au mgeni aliyehamia kufungua duka, anajua kwamba Bustani ya Migunga haichimbwi. Nyasi hufyekwa, taka huokotwa, mabenchi hupakwa rangi kila mbio za mwenge zinapokaribia kupita. Lakini udongo wenyewe hauguswi. Hata maua ya bustani hiyo yamepandwa ndani ya matairi ya magari.

Kwa hiyo nilipomkuta mdogo wangu Patrisi amepiga magoti katikati ya bustani, asubuhi kweupe, mbele ya akina mama wauza ndizi na Wazungu wawili waliokuwa wakisubiri gari lao la kwenda kreta, akichokonoa ardhi kwa koleo dogo, sikumwita. Nilisimama nikaegemea fimbo yangu, nikangoja avione viatu vyangu.

"Shikamoo, kaka," alisema bila kuinua kichwa.

"Simama kwanza. Salamu yako nitaipokea ukiwa mtu."

"Kaka, inalia! Sikiliza mwenyewe inavyolia."

Kando yake, juu ya nyasi, ililala ile mashine ya kutafutia vyuma: fimbo ndefu yenye sahani miguuni na kioo kidogo kifuani. Aliletewa na mgeni mmoja ambaye yeye alimwendesha porini zamani, kwa maana Patrisi alikuwa dereva wa watalii hadi macho yalipopungua nguvu. Tangu sanduku lile lifunguliwe sikupata amani. Alianza katika bustani iliyo karibu na stendi, akafukua visoda, misumari na kufuli lisilo na ufunguo. Akahamia uwanja wa mpira, akapata kijiko na bizimu ya mkanda, na mashimo aliyoyaacha yalimtegua golikipa mguu. Nilikwenda mimi kuomba radhi. Daima ni mimi ninayekwenda kuomba radhi.

"Unajua uko wapi?" nilimwuliza.

"Najua. Lakini kinachokatazwa ni jembe, kaka. Hili ni koleo la kupandia miche."

"Nilikufundisha darasa la tatu, Patrisi. Najua nilichokufundisha, na hicho hakikuwamo."

Akina mama wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwache, Mwalimu, huenda ni sanduku la Mjerumani!" Kicheko kikakoma ghafla, wote wakasogea hatua moja mbele. Katika nchi hii huwezi kuchimba hata shimo la choo bila mtu kukumbuka kwamba Mjerumani, alipokimbia, alizika dhahabu.

"Mjerumani azike mali yake kwenye njia ya ng'ombe?" nilisema. "Fukia hilo shimo, twende nyumbani."

Alifukia. Nilimwona kwa macho yangu akifukia, nami, kwa kuwa nililelewa na mapadre walioamini kwamba mtu akitii mbele yako ametii, nikageuka nikaondoka.

Sina budi kueleza kwa nini ardhi ile haiguswi, maana vijana wa leo wanaijua kanuni lakini hawajui mwanzo wake. Kabla mji haujafika pale, ilikuwa njia ya mifugo kwenda kwenye udongo wa chumvi. Hapo, mwaka niliozaliwa, baba yetu mkubwa alimchoma mkuki mtu wa upande wa Endulen katika ugomvi wa ng'ombe, naye akafa kabla ya jioni. Vijana wa pande zote mbili walikuwa tayari wameshanoa. Wazee wa Kiiraqw na wa Kimasai wakawahi. Wakautia mkuki ule motoni, wakaukunja mara mbili kama mtu anavyokunja nguo, wakauzika wakisema kwamba siku chuma hicho kitakapoona jua, ugomvi utakuwa umeamka. Hawakuweka jiwe wala alama yoyote, ili pasiwe na mtu wa kukionyesha. Ndipo mama zetu wakabadilishana watoto. Mimi nililazwa kwenye ziwa la mama mmoja wa Kimasai, na mwanawe akanyonya kwa mama yangu. Mtoto huyo ni Lomayani. Tumezeeka sisi wawili tukiwa ndugu wa maziwa, na katika maisha yangu yote hakuna mtu wa nyumba yake aliyenyang'anyana na mtu wa nyumba yetu hata kamba ya kufungia ndama.

Jioni ya siku ile Laurencia, mke wangu, alikuwa akimimina chai Patrisi alipoingia bila kubisha hodi. Alikuwa na udongo hadi viwikoni. Akaweka kitu juu ya kitambaa cha meza, kitambaa cheupe ambacho Laurencia hukitandika kwa ajili ya Padre.

"Nilirudi kidogo tu," alisema. "Si dhahabu, lakini ni kitu cha zamani. Tazama, wamekikunja kama chapati."

Laurencia aliacha kumimina. Mimi nilikitazama kile chuma, chekundu kwa kutu, kimekunjwa mara mbili.

"Patrisi," nilisema, "baba alipokuwa akisimulia habari za mkuki, wewe ulikuwa wapi?"

Nyuso za watu hubadilika polepole zinapoelewa. Uso wake ulibadilika mara moja. "Nilidhani uko chini ya mti mkubwa," alisema. "Wote tulidhani uko chini ya mti mkubwa. Nilikaa mbali na mti makusudi, kaka."

Hiyo ndiyo iliyonikera kupita yote: kwamba alikuwa amejali, kwa namna yake ya kipumbavu.

Kulipokucha bustani ilijaa watu wenye majembe. Habari za sanduku la Mjerumani zilikuwa zimefika Endabash na kurudi. Clemensi, mlinzi wa pale, alipuliza filimbi hadi midomo ikamvimba, na mtu mmoja mwenye shahada alinieleza mimi, kwa utulivu, namna dhahabu inavyojisogeza chini ya ardhi. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nikamwambia aniletee madaftari yake ya shule ya msingi niyasahihishe upya.

Lomayani alikuja adhuhuri. Aliposhuka kwenye pikipiki alikuja hadi kwenye lango langu akasimama nje, fimbo mabegani, mikono ikining'inia juu yake. Laurencia alimkaribisha ndani mara mbili. Hakuvuka. Hapo nilielewa, maana katika miaka yote hiyo hakuwahi kulichukulia lango lile kuwa lango.

"Chai ipo, shemeji," Laurencia alisema.

"Sijaja kwa chai, mama. Nimekuja kuuliza kama mumeo Thomasi ana mdogo wake au anafuga panya."

"Panya," nilijibu. "Mkubwa."

Hakucheka. "Kule kwetu vijana wameona kwenye simu picha ya chuma aliyoirusha mdogo wako. Wananiuliza, babu, ng'ombe wa fidia ya damu hawakulipwa, walisamehewa kwa sababu ya kile chuma. Sasa chuma kiko mezani kwa Mwalimu, msamaha uko wapi? Niwaambie nini?"

"Waambie kitarudi ardhini."

"Kitarudi na nini?"

Patrisi alitoka nyumba ya nyuma akiwa ameikumbatia mashine yake kama mtoto mgonjwa. Akasema wamchukulie hiyo, waivunje, waizike, na kama haitoshi atanunua kondoo mnadani, wawili, watatu.

"Kondoo wa mnadani hamjui mtu," Lomayani alisema. "Na hicho kidude hakijanikosea. Kilikwambia kuna chuma, na chuma kilikuwapo. Aliyekosa ni mkono." Kisha akanigeukia mimi. "Jike. Awe amezaa. Awe amelelewa ndani ya ua wa aliyekosa."

"Sina mfugo hata mmoja," Patrisi alisema. "Mimi ni dereva."

"Una kaka."

Kondoo waliokuwa uani kwangu walikuwa wa Laurencia, na jike lililostahili lilikuwa moja tu, lile alilolinyonyesha kwa chupa mwaka wa ukame. Laurencia alijifunga kanga kiunoni. "Mimi ni wa Daa," alisema. "Ukoo wangu haukumchoma mtu yeyote mkuki." Akaenda mwenyewe kulifungua, akalikabidhi kwa Patrisi, na kamba akamfungia mkononi, fundo gumu. "Usilivute. Limezoea kusemeshwa."

Shughuli ilifanyika pale pale bustanini, wazee wachache wa kwao na wachache wa kwetu, wenye majembe wakiwa wamesukumwa nyuma ya matairi ya maua. Miaka arobaini niliwafundisha watoto kwamba mambo kama haya ni giza la mababu. Niliwafundisha pia kwamba deni la nyumba hulipwa na nyumba. Nilisimama nikashika miguu ya mbele ya kondoo. Patrisi alishika ya nyuma, akilia waziwazi bila aibu. Chuma kikashuka pamoja na mafuta ya mkia, na udongo ukarudishwa kwa mikono mitupu. Halafu Lomayani akachana ngozi vipande vyembamba, akatoboa kila kimoja, akakivisha kama pete ya amani kidoleni mwa mtu mmoja mmoja. Cha kwangu alikivisha mwishoni.

"Hakivuliwi," alisema. "Kitaanguka chenyewe."

Kisha akauliza kama nyumbani kwangu kuna kitu cha kunywa.

Jumapili nilisoma somo la kwanza kama kawaida yangu. Ngozi ilikuwa imekauka, imekibana kidole, na bado ilikuwa na manyoya upande mmoja. Nilipofika mbele ya Padre nikanyoosha mikono, wa kushoto juu ya wa kulia. Alikitazama kidole, akanitazama usoni, akaishikilia hostia hewani hata watu wa nyuma yangu wakaona.

"Mwili wa Kristo," alisema.

"Amina," nikasema, nikapokea.